Miungu Inapougua, Mchoraji Huitwa

Mji wa Puri umekaa ufukweni mwa Ghuba ya Bengal, katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Mwezi wa Jyeshtha katika kalenda ya Kihindu huanguka kati ya Mei na Juni, wakati mvua za msimu hazijafika na mchanga wa pwani unaunguza nyayo. Mwezi huo ukipevuka huwa ni Snana Purnima, siku ya kuogeshwa kwa Jagannath, mwenye hekalu kuu la mji, pamoja na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra. Mwaka 2025 iliangukia Juni 11.

Sanamu za ndugu hawa watatu hubebwa kutoka hekaluni kwa mwendo wa kuyumbayumba, ngoma na matuazi yakilia, hadi kwenye jukwaa liitwalo Snana Mandapa. Jukwaa limeinuliwa hata mtu aliyesimama barabarani, nje ya ukuta, hulitazama bila shida. Si jambo dogo hilo. Hekalu lenyewe, ambalo ujenzi wake huhesabiwa tangu karne ya 12, enzi za mfalme Anantavarman Chodaganga, haliingiwi na asiye Mhindu. Siku ya kuoga, kila mwenye macho anaruhusiwa kuona.

Maji hutoka kisima kimoja, Suna Kua, yaani Kisima cha Dhahabu, na hutiwa liwa, kafuri, maua na vinukizi vingine. Mitungi ni 108: 35 ya Jagannath, 33 ya Balabhadra, 22 ya Subhadra, na 18 ya Sudarshan, nguzo inayosimama badala ya silaha ya gurudumu ambayo Jagannath huibeba. Baada ya kuoga, Jagannath na Balabhadra huvishwa sura za tembo, masikio na mkonga juu. Husimuliwa kwamba zamani alikuja Puri msomi mmoja, Ganapati Bhatta, ambaye hakumwabudu mwingine ila Ganesha mwenye kichwa cha tembo. Watu walimsihi akamwone Jagannath. Akakataa, kisha akaenda shingo upande, na alipoinua uso akamkuta Jagannath jukwaani ana mkonga. Mwenyeji alikuwa amejigeuza ili mgeni amtambue. Tangu hapo vazi la tembo halijaachwa.

Halafu miungu hushikwa na homa. Mitungi yote ile juani, nani asingeugua? Sanamu hurudishwa ndani na kufungiwa chumbani kwa siku kumi na tano zinazoitwa Anasara, kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mwandamo. Karamu za chakula kilichopikwa husimama; wagonjwa hupewa matunda, vinywaji vya kutuliza na dawa za mitishamba. Wauguzi wao ni Daitapati, ukoo unaojihesabu kuwa ndugu wa damu wa Jagannath, na siku hizo makuhani wa kawaida hukaa pembeni.

Ukiuliza kwa jicho la fundi, utapata sababu nyingine. Sanamu hizi ni za mbao, na juu ya mbao kuna matabaka ya nyuzi, utomvu, liwa na rangi za asili zilizochanganywa na gundi ya mti. Rangi ya namna hiyo haistahimili kumwagiwa mitungi 35. Jioni ya Snana Purnima Jagannath anakuwa amechujuka, wala si vyema mungu aonekane amechujuka. Lazima afungiwe, afunikwe upya, apakwe upya. Mwenye imani husema ni homa, fundi husema ni rangi, nami sioni kwamba mmoja anamkanusha mwenzake: mgonjwa yuko ndani, anahudumiwa, atatoka akipona.

Lakini mahujaji hawaachi kuja. Wanafika kutoka mbali, wanapanga foleni, na mahali walipozoea kukutana na macho makubwa ya duara ya Jagannath wanakuta wigo wa mianzi. Juu ya wigo huo zimetundikwa nguo tatu zilizochorwa. Kwa siku zote za homa, nguo hizo ndizo hupewa maua, ndizo huombwa na ndizo hushukuriwa. Huitwa Anasara Pati, na nimeandika makala haya kwa ajili yake.

Ili kujua ukubwa wa kazi aliyopewa mchoraji, lazima kwanza tusikilize kisa cha mbao zenyewe.

Zamani, wanasimulia, mungu huyu aliabudiwa msituni kwa siri, kwa jina la Nila Madhava, na Vishvavasu, mkuu wa watu wa kabila la Sabara. Mfalme Indradyumna akapata fununu, akamtuma kuhani Vidyapati amtafute. Vidyapati akamwoa Lalita, binti wa Vishvavasu, kisha akamwomba mkwe wake ampeleke akaone. Mzee akakubali kwa sharti la kumfunga kitambaa machoni. Vidyapati naye akatoboa kifuko cha haradali, mbegu zikadondoka njia nzima, mvua ikanyesha zikaota, na njia ya siri ikawa mstari wa kijani msituni. Mfalme alipofika na msafara wake, mungu hakuwepo. Daitapati wanaowauguza wagonjwa wa leo wanajitaja kuwa uzao wa Vishvavasu, na haki yao ya kuingia chumba cha homa inatoka kwenye kisa hiki. Waliotapeliwa wamebaki na ufunguo.

Mfalme akaoteshwa kwamba gogo lingeletwa na bahari. Likaja, likatua pwani ya Puri, na hakuna seremala aliyeliweza, patasi zilivunjika. Akatokea mzee asiyejulikana, ambaye wengi husema alikuwa Vishvakarma, fundi wa miungu. Akaomba chumba, mlango ufungwe, na mtu asiufungue kwa siku 21. Siku za kwanza milio ya nyundo ilisikika. Baada ya wiki mbili hivi, kimya. Malkia Gundicha akaingiwa na hofu kwamba mzee amefia ndani, akamsihi mumewe, na mfalme akafungua mlango. Fundi hakuwamo. Sanamu tatu zilikuwa zimesimama bila viganja, bila miguu, macho yakiwa makubwa kupita uso. Ndivyo zilivyobaki hadi leo, na ibada ikaanza hivyo hivyo. Kwa masimulizi ya huko, ni Indradyumna huyo huyo aliyepanga kuoga kwa kwanza, siku ya mwezi mpevu wa Jyeshtha, ambayo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Jagannath.

Basi Jagannath wa mbao ni kazi iliyokatizwa na mtu asiyeweza kusubiri. Jagannath wa nguo amekamilika. Kwenye Anasara Pati ameketi, miguu imekunjwa, kwa sura ya Narayana mwenye mikono minne: kombe la kupuliza, gurudumu, rungu na ua la yungiyungi. Balabhadra ameketi kwa sura ya Ananta Vasudeva, mweupe. Subhadra ni Bhubaneshvari, wa manjano. Katika siku hizo, mahujaji wanaokuja kumwona Jagannath wa hekalu hilo humkuta ana viganja na nyayo, na vyote hivyo amepewa na brashi.

Wanaopewa kazi hiyo ni wachoraji wa ukoo, watu wa jamii iitwayo Chitrakara. Wamegawanyika katika vikundi vitatu, kila kimoja kikiwa na mungu wake, na huduma hurithiwa. Mchoraji akianza kazi huoga, huvaa nguo safi, huacha nyama na samaki. Hayo ni masharti ya ibada. Masharti ya ufundi ni magumu zaidi, nayo huanza siku nyingi kabla ya rangi ya kwanza kuchanganywa.

Huanza na ukwaju. Mbegu zake, zile ambazo sisi huzitema na kuzisahau, hurowekwa siku kadhaa mpaka zivimbe, husagwa, kisha huchemshwa kwenye chungu hadi maji yawe mazito na ya kunata. Hiyo ndiyo gundi. Kisha hutafutwa nguo ya pamba, na inayopendwa ni iliyochakaa, sari iliyofuliwa miaka mingi hadi ikalainika na kuishiwa wanga wa kiwandani, kwa kuwa nguo mpya hushindana na gundi. Kipande cha kwanza hutandazwa, hupakwa gundi, cha pili huwekwa juu yake, mikono hupitishwa kutoka katikati kwenda pembeni kufukuza hewa. Kiputo kimoja kikibaki, miaka kumi baadaye rangi itapasuka hapo hapo. Nguo huanikwa. Ikikauka, hupakwa unga wa chaki uliochanganywa na gundi ile ile, upande wa mbele na wa nyuma, huanikwa tena, hupakwa tena.

Kisha huja mawe. Nguo hulazwa mahali pagumu na tambarare, na mtu hukaa kuisugua, kwanza kwa jiwe lenye kukwaruza, halafu kwa jiwe laini lililong'aa kwa kutumika. Anasugua kwa saa nyingi, upande huu na upande ule, hadi kitambaa kinaacha kuwa kitambaa. Ukikigusa utadhani ngozi iliyotengenezwa vizuri: kigumu, chepesi, baridi kidogo, kinaweza kukunjwa kama mkeka bila kuvunjika. Ndiyo pata, na picha juu yake ndiyo patachitra. Kwa kawaida kazi hii yote, ya gundi na ya mawe, ni ya wanawake wa nyumba. Majina yao hayatajwi popote kwenye picha, ingawa kwa maoni yangu nusu ya uzuri wa mstari wa mchoraji imetengenezwa na mawe yao. Brashi haiwezi kuteleza mahali palipoparuza.

Rangi nazo zina safari zake. Nyeupe hutoka kwenye makombe ya bahari, yanayopondwa, kulowekwa, kusagwa na kuchemshwa hadi yawe uji laini. Nyeusi ni masizi: taa ya mafuta huwashwa, chombo hufunikwa juu ya moto wake, na weusi hukusanywa ndani ya chombo hicho kwa uvumilivu, kidogo kidogo. Nyekundu ni jiwe liitwalo hingula, manjano ni jiwe liitwalo haritala. Yote mawili ni mazuri kwa macho na mabaya kwa mwili. La kwanza lina zebaki, la pili lina aseniki, kwa hiyo anayemwonea wivu mchoraji kwa rangi zake na akumbuke pia mapafu yake. Rangi zote hushikizwa kwa utomvu wa mti wa kaitha na kuchanganywa ndani ya vifuu vya nazi. Vifuu hivyo hupangwa sakafuni mkono wa kulia wa fundi, kila kimoja na rangi yake, na mchoraji aliyezoea hachovyi kwa kutazama.

Brashi ya kupaka maeneo mapana hutengenezwa kwa nywele za nyati wa kufugwa au kwa mzizi wa mkadi uliopondwa ncha. Ya mistari myembamba ni nywele za panya, zilizofungwa kwenye kijiti. Brashi hiyo ikishuka, mkono hauna ruhusa ya kusita. Rangi ya utomvu hukauka upesi, na ukirudia mstari unachubua ulichopaka chini yake. Wanafunzi huchora mistari mitupu, mamia kwa mamia, kabla ya kukabidhiwa uso wa mtu.

Kama kanga, patachitra ina pindo na ina mji, na hapa pindo hutangulia. Kabla mungu hajapata hata ukucha, maua na majani ya mzunguko hupangwa pande zote nne, na ndani ya mzunguko huo ndipo mwili huchorwa. Nilipokuwa sijaelewa ufundi huu niliona pindo ni pambo la kuzibia nafasi. Sasa naona ni mahali pa mkono kupata moto: anayechora petali sawasawa kuzunguka nguo nzima amekwisha kujua jinsi pata hiyo inavyokunywa rangi, na brashi yake ya siku hiyo ina tabia gani.

Kisha mwili hujazwa rangi moja tupu, bila kivuli. Hakuna jua linalotoka upande mmoja, hakuna umbali, hakuna mlima unaopotelea kwenye ukungu. Juu ya rangi tupu huja mavazi, juu ya mavazi huja vito, na mwisho mstari mweusi unaopita ukingoni mwa kila kitu, mnene penye bega, mwembamba kama unywele penye kidole. Macho huachwa hadi mwisho kabisa. Kabla ya macho, picha ni nguo iliyopakwa rangi. Baada yake, watu wa nyumbani hubadilisha namna ya kupita mbele yake.

Asiyependa sanaa ya namna hii hulalamika kwamba mchoraji hana uhuru. Ni kweli. Narayana ana mikono minne, kila mkono una kitu chake, rangi ya ngozi yake imekwisha amuliwa, namna ya kuketi imekwisha amuliwa. Mchoraji hawezi kuamka asubuhi akampa Subhadra uso wa kijani. Lakini chukua kazi mbili za mafundi wawili wa kizazi kimoja, zikiwa na mungu yule yule, uziweke sambamba. Mmoja vidole vyake vinashika ua, mwingine vidole vyake vimewekwa karibu na ua. Hapo ndipo palipo uhuru wote, na unamtosha mtu maisha mazima.

Ufundi huu umeenea nje ya hekalu kwa njia ya biashara ya hija. Tangu zamani hujaji aliyetoka Puri alitaka kurudi na picha ya miungu, na wachoraji wakamchorea vipande vidogo vya bei nafuu. Kijiji kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Raghurajpur, karibu na mto Bhargavi, si mbali na Puri. Nyumba zake zimepangwa mistari miwili zikitazamana, vihekalu vikiwa katikati, kuta zimechorwa. Kelucharan Mohapatra, aliyekuja kuwa jina kubwa kuliko yote katika ngoma ya Odissi, alizaliwa hapo mwaka 1926 katika ukoo wa wachoraji. Picha za kuchapwa mashineni zilipojaa sokoni, hujaji akapata Jagannath wa karatasi kwa senti chache, na wachoraji wengi wakaingia kazi nyingine. Katika miaka ya 1950, Halina Zealey, mwanamke wa Kizungu aliyekuwa akiishi Odisha, alizipenda kazi hizo, akawahimiza waliobaki warudie brashi na akasaidia kuzitafutia wanunuzi. Mwaka 2000 Raghurajpur ilitangazwa kijiji cha urithi. Mei 3, 2019, kimbunga Fani kilipiga pwani ya Puri na kuharibu nyumba za kijiji pamoja na kazi zilizokuwa ndani.

Leo mnunuzi ni mtalii, na mtalii ana haraka. Rangi za kopo zimeingia, turubai za dukani zimeingia, na siwezi kumlaumu mtu mwenye watoto wa kusomesha kwa kuacha kuchemsha makombe. Lakini rangi ya kopo hung'aa kwa sauti moja, kama kengele ya baiskeli. Weupe wa kombe una joto ndani yake, na nyeusi ya masizi hainyamazi kabisa. Ukiisogelea unaona bado ina moshi.

Ndani ya hekalu, saa hazijabadilika. Wakati nguo zinapokea maua mbele ya wigo, Daitapati nyuma yake wanafunga nyuzi, wanapaka utomvu na liwa, na watu wa huduma nyingine wanarudisha rangi: Jagannath mweusi, Balabhadra mweupe, Subhadra wa manjano. Kila baada ya miaka kadhaa, mwaka wa kalenda ya Kihindu unapokuwa na miezi miwili iitwayo Ashadha, mbao zenyewe hubadilishwa. Miarobaini mipya hutafutwa kwa alama maalumu, sanamu mpya huchongwa, na zile za zamani huzikwa uani, Daitapati wakiomboleza kama waliofiwa. Mara ya mwisho ilikuwa 2015, na kabla yake 1996. Katika mwaka kama huo homa hudumu siku 45, na nguo hubaki kazini siku zote hizo.

Wagonjwa wakipona, wigo huondolewa, na mahujaji huona sura mpya, rangi mbichi, macho yale yale ya duara. Siku hiyo huitwa Navayauvana, na karibu yake tu ni Ratha Yatra, maandamano ya magari makubwa ya mbao yanayojulikana dunia nzima. Mwaka 2025 yalikuwa Juni 27. Umati wote huenda kwenye magari. Nguo tatu huteremshwa, na mwaka unaofuata huchorwa upya.

Ikitokea ukauziwa patachitra, iwe Puri kwenyewe au kwenye maonyesho ya bidhaa za India popote ulipo, usianze na picha. Igeuze. Upitishe kidole nyuma yake. Ikiwa nyuma ni kitambaa kinachoparuza, umeshika picha iliyochorwa juu ya turubai. Ikiwa nyuma ni laini na nyeupe kama mbele, kuna mtu aliyekaa chini na jiwe kwa saa nyingi kwa ajili ya upande ambao hakuna atakayeutazama. Mlipe bei anayoitaja.